Digrii Mbili na Nusu Upande wa Kushoto

Siku ya kuniaga mlinipatia saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu vibaya. Mmoja wenu akasema, mzee Mwangi, usiende na mambo yako yote kichwani, tuandikie kidogo. Saa ilisimama wiki ya pili. Keki mlikula nyinyi. Kwa hivyo imebaki hii ya kuandika, na nitaiandika vile naongea, kwa sababu mimi shule nilifika darasa la tano, na hata hilo la tano sikulimaliza. Baba alikuwa ametoka Murang'a akafungua duka la unga Kajiado, duka likafa, na mimi nikatolewa darasani nikachunge mbuzi za watu.

Naandikia hapa nyumbani Kitengela. Zamani ukisimama kwa huu mlango ulikuwa unaona punda milia mpaka macho yachoke. Sasa naona suruali za jirani zikikauka kwa ghorofa ya nne. Siwezi kulalamika sana. Wakati hizo ploti zinakatwa, aliyeshika mwisho wa tepu ni mimi.

Mambo ya vyeo mtaniwia radhi. Niliingia nikiwa cheniman, nikatoka nikiwa cheniman. Cheniman ni yule anatangulia na mwisho wa tepu, anafyeka miiba, anakanyaga nyoka, halafu ramani ikitoka jina lake halimo. Nimeshika hiyo tepu miaka thelathini na kitu, kwa ofisi ile ile, ile ya juu ya duka la misumari, na ngazi ile ile imevunjika pahali pale pale.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Haji Nur. Huyu ndiye alikuwa surveya wetu, mtu wa kutoka upande wa Wajir, mrefu, mwembamba, ndevu amepaka hina. Alikuwa anakuja na chai ya maziwa ya ngamia kwa chupa yake na hakumwonjesha mtu. Aliniangalia viatu, akapanda mpaka kichwa, akasema:

"Warya, kijana, kaskazini iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwa barabara.

"Hiyo ni Nairobi," akasema. "Mimi nimekuuliza kaskazini."

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa pango. Watu wengi hawajui, lakini chini ya hii nchi yetu, ukishuka kule Loitokitok na Illasit, kuna mapango marefu kama mabomba. Milima ilitapika moto zamani, moto ukatiririka kama uji. Juu ukaganda, ndani ukaendelea kukimbia mpaka ukaisha, na pale ulipopita pakabaki shimo. Unaweza kutembea kilomita chini ya ng'ombe za watu na wenyewe hawajui. Sasa ng'ombe wawili wa mzee mmoja walikuwa wamedidimia kando ya barabara, na wakubwa walitaka kujua pango linapita wapi kabla lori halijafuata ng'ombe.

Kupima pango haitaki akili nyingi, inataka uaminifu. Mmoja anatangulia na tepu mpaka pahali bado anaonekana, anasimama. Hapo tunaita stesheni. Wa nyuma anasoma dira, mwenzake yuko digrii ngapi, anasoma umbali na mteremko, anaandika kwa kitabu cha fildi. Halafu wa mbele naye anageuka anasoma nyuma. Hizo mbili lazima zikubaliane. Zikikataa, kuna kitu kinavuta sindano, maana lile jiwe jeusi lina chuma ndani yake, na kuna kona zingine dira inakuwa kama mlevi anatafuta nyumba yake.

Siku hiyo zilikataa kila stesheni. Nikisoma mimi ni kitu ingine, akisoma Haji ni kitu ingine, digrii nne, digrii tano. Haji akasimama.

"Mwangi, uko na chuma?"

"Hapana, Haji."

"Mshipi?"

"Ni kamba."

"Simi?"

"Mimi si Mmasai."

"Na hapo kwa mfuko wa shati?"

Hapo kulikuwa na kopo la ugoro, la bati. Na dira unaishika wapi ukisoma? Hapo hapo mbele ya kifua. Tulirudia asubuhi yote, na Haji hakunitukana hata mara moja, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Kopo lilibaki ndani ya lile pango na pengine liko huko mpaka leo. Tangu hapo ugoro nafunga kwa karatasi ya nailoni. Pua haiulizi chombo.

Lakini somo kubwa la Haji lilikuwa la asubuhi, na hili ndilo naandikia, yale mengine ni kupasha mdomo moto.

Sindano ya dira haielekei kaskazini ya kweli. Inaegemea kidogo, kulia ama kushoto, na hiyo kuegemea kwenyewe inahama mwaka kwa mwaka. Haji kabla hajaingia pango lolote alikuwa anasimama mlangoni, anatafuta bikoni, ile nguzo ya zege iko juu ya kilima, ambayo pahali pake palipimwa zamani pakaandikwa. Kwa hesabu anajua bikoni iko digrii ngapi kwa ukweli. Halafu anasoma dira, sindano inasema iko ngapi. Ile tofauti anaiandika ukurasa wa kwanza wa kitabu, peke yake, na anapiga mstari chini. Kila asubuhi. Pango lile lile, bikoni ile ile, anasoma tena.

Siku moja kulikuwa na baridi ya kukata masikio nikamwambia, "Haji, kwani si tulisoma jana?"

"Jana ni ya jana," akasema. "Sikiza, wewe. Kaskazini ya kweli ni kama kibla. Iko pale pale mpaka nife, na nikifa watanielekeza huko huko. Hii ya sindano ni kama ng'ombe wa Mmasai. Mwaka huu wako upande huu wa kilima. Rudi baada ya miaka kumi, utakuta wamesogea na hakuna mtu ametangaza. Kwa hivyo usiniambie ng'ombe walikuwa wapi mwaka ule. Nionyeshe wako wapi leo."

Halafu akasema lingine, ambalo mke wangu amelisikia mpaka amechoka. Akasema digrii moja ni kidogo, hata mtoto hawezi kuiona, lakini ukitembea nayo kilomita nzima imekutupa nje hatua zaidi ya ishirini. Na ukurasa wa kwanza ukipotea umebaki na mstari mzuri, umepimwa vizuri, na hujui unaelekea wapi.

Haji alistaafu akarudi kwao. Hakuagwa na keki. Aliniachia dira yake, ile ya shaba, kifuniko kimelegea, akaniambia nisiipatie mtu anaandika kabla hajasoma. Alifariki mwaka ambao mvua ilikata barabara na sikuweza kwenda kumzika.

Baada yake walikuja wengine, wakaja na kompyuta, na mwishowe akaja Injinia Muli. Nimebadilisha jina lake kidogo lakini nyinyi mnamjua. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anatununulia mandazi. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilikuwa ya mtu hajawahi kukosea kitu mbele ya watu.

Sasa mradi ulikuja. Kupita Illasit, ukiacha mashamba ya nyanya na vitunguu nyuma, ukiingia kwa mawe, kuna boma kadhaa hazina maji juu. Maji iko chini, ndani ya pango, mwisho kabisa. Akina mama wanaingia na tochi, wanatembea kilomita moja na kidogo kwa mawe yaliyoanguka, wanajaza mtungi wa lita ishirini, wanaurudisha mgongoni, kamba kwa paji la uso. Kila siku ya Mungu. Wenye mradi wakasema: tupime pango, tujue lile dimbwi liko chini ya pahali gani, tutoboe kutoka juu, tuweke pampu. Tundu moja. Mashine itakuja mara moja tu, ikimaliza inaenda kwingine.

Aliyetuonyesha njia ni Mama Lemayian. Mama mfupi, mkavu, anacheka na pembe moja ya mdomo. Nilimsalimia kwa lugha yake nionekane mwerevu.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akajibu, vile wao hujibu salamu, halafu kwa Kiswahili, "Na huyu Mkikuyu alitoka wapi na Kimaasai cha kuokota sokoni?"

"Ni hapo hapo sokoni."

"Uko na watoto?"

"Msichana, Njeri."

"Basi Baba Njeri, fuata miguu yangu, si tochi yangu. Tochi inadanganya."

Ilikuwa kweli. Alikuwa anajua mawe kwa nyayo. Hili linacheza, hili halichezi, hapa inama, hapa kuna popo watakukojolea. Tulipima siku tatu, mimi na yeye, maana Injinia aliingia mpaka stesheni ya saba akasema vumbi inasumbua kifua chake. Nilimfundisha Mama Lemayian kushika tepu. Alivua bangili za waya mwenyewe nilipomwonyesha vile sindano inazikimbilia. Akaangalia sindano ikicheza akasema, "Kumbe ni kama bwana, ikiona chuma ya mwingine inasahau nyumbani." Kusoma nyuma nilikuwa narudia mwenyewe, natembea mara mbili. Zilikubaliana. Na kila asubuhi, kabla mawingu hayajafunika Kilimanjaro, nilisimama mlangoni nikasoma bikoni. Asubuhi tatu, jibu moja: sindano inaegemea mashariki, nusu digrii. Nikaandika ukurasa wa kwanza. Nikapiga mstari chini.

Stesheni ya themanini na moja ndiyo dimbwi. Ni kubwa kama madarasa mawili, maji nyeusi, baridi, haina sauti. Na kutoka kwa paa, katikati ya dimbwi, mizizi imening'inia kama nywele za mtu aliyelala, ncha zimeingia majini. Nikaandika kwa kitabu: mizizi. Mama Lemayian alikaa kwa jiwe akajaza mtungi polepole na kikombe, asivuruge tope.

"Nimeolewa hapa nikiwa mdogo," akasema. "Haya maji nimeyabeba kabla sijabeba mtoto. Wakitoboa, mimi nitakaa juu ya pampu siku nzima nisifanye kitu. Nitaangalia tu ikitoka."

"Hata hutapika?"

"Lemayian atapika. Na akiunguza, tutakula hivyo hivyo."

Tulirudi Kajiado na kitabu. Injinia akakaa kwa kompyuta, mimi nikimsomea, yeye akiandika, stesheni moja mpaka themanini na moja. Mwisho kuna kisanduku cha kuandika sindano inaegemea kiasi gani, ndiyo kompyuta igeuze mstari wote ukae sawa na ramani. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza.

"Mzee, hii ni nini? Bikoni, asubuhi, mlima... hii ni mambo ya akina Haji." Akaamka akaenda kwa ukuta, pale kuna ile ramani ya zamani, iliyochapwa kabla sijaoa, kona moja imeliwa na mende. "Tofauti iko hapa pembeni. Wameandika. Digrii mbili magharibi."

"Hiyo ilikuwa ya wakati huo, Injinia. Sindano imehama. Leo iko mashariki, nusu."

Chini ya hayo maneno ya digrii mbili, kama mende hawajamaliza, kuna mstari mdogo unaosema sindano inahama kiasi gani kila mwaka. Nilinyoosha kidole nimwonyeshe. Yeye hakuangalia kidole. Aliangalia mimi.

"Mzee, wewe ulifika darasa la ngapi?"

Nyinyi wengine mlikuwa hapo.

"La tano."

"Basi shika tepu."

Mkacheka. Si sana, kidogo tu, vile mtu anacheka asionekane hajacheka. Sikasiriki na nyinyi. Naandika tu kwa sababu ilitokea. Akaandika mbili magharibi. Mbili za magharibi na ile nusu ya mashariki ambayo hakuiweka, jumla ni digrii mbili na nusu. Kwa pango la kilomita moja na kidogo, hiyo ni hatua sitini. Ukisimama mlangoni ukiangalia pango linaelekea wapi, ramani ilikuwa imetupwa kushoto hatua sitini, na ukurasa wangu wa kwanza ulikunjwa ukawekwa chini ya mguu wa meza, maana meza ilikuwa inayumba.

Sasa hapa ndipo hadithi inaniuma, na ningeweza kuiruka.

Mimi ningeweza kusema tena. Ningepanda kwa wenye mradi. Ningempigia hata chifu. Lakini nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimebakisha miaka michache nistaafu, na nimefanywa kichekesho mbele ya nyinyi vijana, na nikasema moyoni, wacha. Wacha atoboe. Nilifika hapa Kitengela wikendi nikamwambia mke wangu, kuna mtu mwerevu sana ataanguka mbele ya watu, na mimi nitakuwa nimesimama pale nimekunja mikono.

Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Na akianguka," akasema, "ataangukia nani?"

Nikachukua ugoro wangu nikatoka nje. Ningekuwa nimemjibu, haya yote yangekuwa mambo mengine.

Siku ya kupanda chuma cha kuonyesha pa kutoboa, watu wote walitoka. Chifu, wazee, akina mama wamevaa shanga za sherehe. Injinia alitembea na ile mashine inaongea na setilaiti, akahesabu, akasimama, akasema, hapa. Wakapigilia kipande cha chuma kwa mawe. Nikaangalia kulia. Hatua sitini kulia, peke yake pale kwa uwanda, kulikuwa na oltepesi, ule mgunga mpana, wa kijani wakati kila kitu kingine ni kikavu kama mfupa. Mti mmoja. Hakuna mwingine mkubwa pande zote, mpaka jicho liishe. Sikuhitaji dira. Hata Haji hakuhitaji kufufuka.

Mama Lemayian akaja kando yangu. Hakuongea kwa sauti.

"Baba Njeri. Ile mizizi ya ndani ni ya mti gani?"

Nikaendelea kuangalia mti.

"Wewe ndiye tulipima na wewe. Hapa ndipo?"

Na mimi nikamwambia, "Injinia amesema."

Hayo maneno mawili. Nimesema maneno mengi maishani, mengi ya upuzi, mengine ya matusi, na kama ningepewa kurudisha mawili, ningeacha yote mengine nirudishe hayo.

Mashine ilikuja juma lililofuata. Ilitoboa kuanzia asubuhi. Mita ishirini na mbili, ambayo ndiyo ingekuwa imefika paa la pango, ikatoka vumbi. Thelathini, vumbi. Arobaini, wakaangaliana. Sitini, vumbi ya kijivu, kavu kama unga wa baba. Na kwa sababu hakuna mtu atanifuta kazi tena, nitasema: mwanzo nilifurahi. Niliona Injinia akifuta jasho, akiangalia karatasi, akiigeuza, na kifua changu kilikuwa kitamu kama mtu amelamba asali.

Halafu nikageuka. Akina mama walikuwa wamepanga mitungi kwa mstari, tangu asubuhi, kila mmoja na wake, vifuniko vimefunguliwa tayari. Hakuna mtu aliwaambia kitu. Waliona tu vijana wa mashine wakianza kukunja mabomba. Mama Lemayian ndiye wa kwanza. Alifunga kifuniko chake, akainua mtungi, akaweka kamba kwa paji la uso, akashika njia ya mlango wa pango. Alipita karibu na mimi. Hakuniangalia, na hakukwepa kuniangalia. Alipita vile unapita jiwe.

Ripoti ikaandikwa: pahali hapo ni pakavu. Ukiandikwa mkavu umeandikwa, hakuna mradi mwingine utarudi. Na nilipokusanya nguvu nikamwambia Injinia ile ya digrii mbili na nusu, na ule mti, alifunga kompyuta yake. Halafu akaniuliza, na nafikiri aliuliza kwa uchungu wa kweli:

"Sasa mzee, mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Hukusema kwa nguvu."

Alihamia kazi ingine, nasikia anaendelea vizuri. Nilimchukia miaka miwili. Kumchukia ni kazi rahisi, haitaki hata kuamka mapema. Shida ni kwamba hilo neno lake la mwisho lilikuwa la ukweli.

Mwaka mmoja baadaye nilikuwa kwa soko la mifugo Kajiado, natafutia shemeji yangu mbuzi wa mahari, nikasikia mtu ananiita. Ni Lemayian, mwana wa yule mama, mwanaume mzima, fimbo begani.

"Mzee wa dira. Mama alianguka ndani."

"Wapi?"

Najua ni swali la kijinga, lakini ndilo lilitoka. Akanielezea: pale pango linateremka, mawe mapana, kushoto kuna ukingo. Nikajua stesheni. Arobaini na nne. Mteremko nimeuandika mwenyewe. Nyonga ilivunjika. Alilala pale mpaka wenzake walipomtoa kwa shuka, watu sita, na mtungi wake ukabaki ndani. Hakuniambia kwa lawama. Alikuwa ananipa habari, vile unampa mtu habari za jamaa anayemjua. Mbuzi sikununua siku hiyo.

Nilipostaafu, kitu cha kwanza nilitoa dira ya Haji kwa kabati, nikanunua tepu yangu mwenyewe, nikabeba kile kitabu cha fildi cha wakati ule, nikaenda Illasit. Nilisimama mlangoni mwa pango asubuhi. Nikasoma bikoni, nikaandika ukurasa wa kwanza wa daftari mpya, nikapiga mstari. Halafu nikapita juu, kwa jua, stesheni kwa stesheni, mstari ule ule uliopita chini, lakini umegeuzwa vile ilipaswa kugeuzwa. Ilinichukua siku mbili, magoti si yale. Stesheni ya themanini na moja iliniangusha hatua tatu kutoka kwa shina la oltepesi. Nikakusanya mawe nikayarundika.

Mama Lemayian alikuja akichechemea na fimbo, akanikuta nimekaa kando ya mawe yangu. Nywele zimekuwa nyeupe. Ule mdomo wa kucheka pembe moja bado uko, lakini haukucheka.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni hapa. Hapa chini yako ndio maji. Mita ishirini na mbili. Nikipata mtu mwenye mashine, nimwambie achimbe hapa, asiulize mtu."

Akaangalia mawe. Akaangalia mti. Akaangalia kile kipande cha chuma cha Injinia kule kushoto, ambacho siku hizi wanafungia ndama.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Si nilikuuliza wewe? Sikuuliza Injinia. Injinia simjui."

Nilitaka kumweleza habari ya darasa la tano, na vile walicheka, na ramani, na mende. Nilifungua mdomo nikaona hayo yote ni madogo kuliko kopo la ugoro.

Alikaa juu ya rundo la mawe, polepole, na mkono kwa nyonga. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la lile tundu kavu. Halafu akaita kwa boma, kwa Kimaasai, na mjukuu wake msichana akaleta mtungi mtupu na kamba. Mama Lemayian hakuuchukua. Alinielekezea kwa fimbo.

"Wewe unajua njia," akasema. "Leo ni zamu yangu, na mimi siwezi."

Nikaingia. Mtu wa umri wangu, tochi mdomoni, mtungi mgongoni umefungwa vile wanafunga wao, kamba inakata paji la uso hata ukiwa mtupu. Nilifuata nyayo zangu, si tochi. Stesheni ya arobaini na nne nilipita kwa matako. Nilipofika dimbwi niliinama nikajaza na kikombe, polepole, nisivuruge tope, na nilipoinua kichwa tochi ikapiga paa. Mizizi iko pale pale, imeshuka kunywa. Juu yake kuna mita ishirini na mbili za mawe, na juu ya mawe kuna rundo langu, na juu ya rundo amekaa yeye, anangoja maji.

Nikafunga kifuniko. Kutoka dimbwi mpaka mlangoni ni stesheni themanini na moja, na lita ishirini zina uzito. Nilizihesabu zote kurudi nyuma, na kila moja nilipumzika.